Pete ya Mwalimu wa Ijumaa

Ijumaa hiyo Mwalimu Komba alirudi chuo kikuu kwa mara ya kwanza tangu amzike mkewe. Alifundisha uhandisi wa mitambo kipindi kimoja tu kwa wiki. Siku nyingine alikuwa kiwandani. Wanafunzi walikwisha kuvua saa na pete zao na kuziweka kwenye sahani ya bati, kwa kuwa mashine ya kukereza chuma ikinasa pete huondoka na kidole.

“Ticha, na wewe je?” akatania mmoja wa nyuma. “Au sheria ni yetu sisi wadogo tu?”

Wenzake wakacheka. Sekela, kiongozi wa darasa, akamkanyaga mguu. “Nyamaza wewe! Hujui amefiwa?”

Mwalimu aliitazama pete yake. Kila Ijumaa aliivua hapa, akaenda nayo nyumbani mfukoni, na mkewe ndiye aliyekuwa akimvisha tena pale mlangoni, huku anacheka: “Haya bwana harusi, lete kidole.” Leo akiivua, nani atamvisha?

“Sheria ni ya wote,” alisema. Akaizungusha taratibu mpaka ikatoka, akampa Sekela amshikie.

Alifundisha vizuri, sauti haikutetemeka. Kipindi kilipokwisha, Sekela alimletea pete kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa.

“Hii hapa, Mwalimu.”

Mwalimu alinyoosha mkono. Ukabaki hewani, vidole vimekunjika nusu, naye hajui akunjue kiganja apokee, au atoe kidole.