Fundo la Mpoyi

Walipofungua mlango wa gereji saa tatu asubuhi, Stéphanie alimwona mumewe Kisimba, mlinzi wa usiku, amefungwa kwenye nguzo, na kabla hata ya kuogopa alijikuta akishangaa uzuri wa kamba ile.

Ilikuwa imepita kifuani mara mbili, ikashuka kiunoni, ikaishia kwenye mikono iliyokuwa nyuma. Kifuani palikuwa na fundo pana, bapa, lisilobana pumzi. Kolwezi nzima, ni mtu mmoja tu aliyeweza kulifunga fundo lile.

"Balikuwa batu ngapi?" aliuliza tata Kabemba. Ndiye aliyekuwa mwenye gereji, na mwenye kamyo, lori ambalo halikuwapo tena.

"Sikuona mutu, patro," Kisimba alisema. Jasho lilimtiririka, na ukucha wa kidole gumba ulikuwa umevunjika. "Munipatie maji kwanza."

"Njo bale Bakasai balifanya," Kabemba alisema. "Unabapenda, banakufunga."

Stéphanie alipiga magoti, akaanza kufungua. Angesema nini? Kwamba kamba ile anaijua kwa sababu imewahi kumpita yeye mwenyewe?

Ilikuwa siri ya watu wanne. Kwa miaka miwili, kila Jumamosi alasiri, yeye na Kisimba walivuka barabara ya mtaa wao, Kapata, kwenda kwa majirani zao, Mpoyi na Jocelyne, wakashusha mapazia, wakajifunza kufungana kamba. Mpoyi alikuwa fundi wa kamba mgodini kabla kazi haijakufa, na alijua namna ya kumshika mtu bila kumuumiza. Ulikuwa mchezo wa watu waliooana, kila mtu na wake, kwa zamu, na ukisema "basi" kamba inafunguliwa hapo hapo. Stéphanie alikuwa hajapata usingizi mzuri tangu amzike mama yake. Ndani ya kamba zile, kwa mara ya kwanza, kichwa chake kilinyamaza.

Jocelyne, aliyekuwa mwalimu, aliweka sheria moja: kila mtu aandike. Lilikuwa daftari moja la wote. Unaandika ulichohisi, wapi paliuma, lini uliogopa. Anayesoma baada yako anakujibu chini yake. Kurasa za Kisimba ndizo zilizowachekesha zaidi. Kuhusu Stéphanie aliandika: "Leo nilifunga bibi yangu sawa gunia ya makala ya kupikia." Chini yake, mwandiko wa Mpoyi: "Makala haikumwangika. Unaendelea vizuri, ndugu yangu." Wiki iliyofuata: "Fundo ya kifua imenishinda tena. Vidole vyangu ni ndizi." Na Jocelyne akajibu: "Hata ndizi nitazifundisha."

Kisimba hakuwahi kulipata fundo lile. Kila Jumamosi lilimfumukia mikononi, na kila Jumamosi walimpigia makofi kwa kujaribu.

Ndipo ukaja mwaka wa tisini na tatu. Vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na majina ya Wakasai, watu wenye asili ya jimbo la Kasai, kwenye karatasi, wakiwafukuza Katanga. Mpoyi alikuwa Mkasai aliyezaliwa Kapata, mstari uleule wa nyumba aliozaliwa Kisimba, lakini hilo hakuna aliyeliuliza. Nyumba yao ikachukuliwa. Kwa wiki saba yeye na Jocelyne walilala chini ya turubai karibu na stesheni, pamoja na maelfu ya wengine, wakingoja treni isiyokuja. Watu walianza kuugua, kisha kuzikana. Stéphanie aliwapelekea sahani ya bukari, ugali wa kwao, akiificha chini ya kitenge, maana Mkatanga aliyewasaidia aliitwa msaliti, na nyumba ya msaliti ilichomwa moto.

Na sasa Mpoyi huyohuyo alikuwa amemfunga mumewe na kuiba kamyo.

Mtaa mzima ulikuja kumpa Kisimba pole. Vijana waliokuwa wakimtazama kwa jicho baya walimpiga begani na kumwita mwenzao. Kabemba hakumfukuza kazi. Angemfukuzaje mtu aliyefungwa kama mbuzi? Stéphanie aliwapikia wageni, akawatabasamia, na moyoni akawaka hasira kwa Mpoyi. Alitoa daftari, aliloachiwa na Jocelyne, ili alitie kwenye moto wa mbabula. Akalifungua kwanza, akafika pale pa ndizi, akacheka, kisha akalia, akalirudisha chini ya godoro.

"Angeomba tu," alijisemea. "Alishindwa nini kuomba?"

Siku ya nne habari ikafika. Kamyo imeonekana Lubudi, kando ya reli, imefagiliwa safi, ufunguo umewekwa juu ya kiti. Watu ishirini na sita walishuka humo wakapanda treni ya Kasai, mmoja wao mwalimu mwembamba aliyewapanga wenzake mstari kama darasa.

Jioni hiyo Stéphanie aliketi na mumewe kwenye ngazi ya mlango, akimpaka mawese kwenye alama za vifundo vya mikono.

"Uniambie kitu kimoja," alisema. "Wakati Mpoyi alikufunga, alikuangalia mu macho?"

Kisimba aligeuza kichwa huku na huku. Barabara ilikuwa tupu.

"Mpoyi hakuona hata ile kamba," alisema. "Nilimupatia ufunguo saa kumi na moja ya asubui, nikamwambia akimbie. Nilijifunga mi mwenyewe. Nilianza palepale, na wakati mulifungua mulango, njo nilikuwa ninamaliza."