Nani Anatia Hewa?

Mashine ya kupimia damu ililia tena, mlio mwembamba wa kukera, kama mbu aliyejificha ndani ya chandarua. Kwenye kioo chake likatokea neno jekundu: HEWA.

Chapu akaruka kitini. Ndani ya mrija mwangavu unaopeleka maji kwenye sindano, viputo vilikuwa vimejipanga kama shanga. Alijua maana yake. Sindano ikimeza hewa, inadondosha damu pungufu, na jibu linatoka la uongo. Wiki iliyopita bibi mmoja mgonjwa wa sukari nusura aambiwe amepona.

"Imelia tena, dada?" aliuliza Kobe kutoka meza ya pili.

"Kwani masikio yako yako likizo?"

Maabara nzima iliwaita kwa mwendo wao. Yeye Chapu, maana hakujua kutembea. Mama yake husema hata tumboni hakungoja miezi itimie. Mwenzake Kobe, kwa kuwa hata akiitwa kula hakuharakisha. Wote wawili walikuwa kwenye majaribio, na nafasi ilikuwa moja. Ijumaa mmoja angepewa mkataba, mwingine angepewa mkono wa kwaheri. Na mama yake Chapu alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba binti amepata kazi.

Hakuna alichobakiza. Alibadilisha mrija. Alikaza viungo vyote. Alifungua bomba dogo la kuvutia maji, akalisafisha, akalirudisha. Kila asubuhi alikwenda mwenyewe kwenye friji ya ghorofa ya chini, akachukua chupa ya maji ya mashine, yale yenye sabuni kidogo ndani yake, akaifikisha juu kabla wenzake hawajamaliza kusalimiana. Hakumwachia mtu.

Hata hivyo, siku moja mashine ilitulia kama maji mtungini, siku ya pili ikapiga kelele mpaka mchana. Na ajabu, siku alizoketi kuilinda bila kubanduka ndizo ilizolia zaidi.

"Basi anaitia hewa kabla sijaketi," alimwambia mama yake jioni, akizungukazunguka sebuleni, sahani mkononi.

"Nani?"

"Nani mwingine kama si Kobe? Kila asubuhi ananivizia kwenye ngazi. 'Dada, lete nikubebee chupa.' Anaitakia nini chupa yangu?"

"Labda anakupenda, mwanangu."

"Mama! Nafasi ni moja."

"Haya. Kaa chini kwanza, utamwaga mchuzi." Mama akamtazama. "Lakini chunga. Kikulacho ki nguoni mwako."

Usiku ule Chapu aligeuka kitandani kama chapati, na kabla ya alfajiri alikuwa ameshapata hila.

Alhamisi asubuhi alifika maabara peke yake. Akaichomeka simu kati ya maboksi ya glavu, jicho lake likitazama mashine, mlango na ngazi. Akaiwasha irekodi. Akashuka, akachukua chupa, akapanda, akaifunga kwenye mashine, kisha akaenda kuvaa koti na kukawia makusudi. Kukawia kulimuuma kama jino bovu.

Siku hiyo mashine haikulia hata mara moja. Chapu hakulijali hilo. Alichokitaka alishakipata.

Ijumaa walisimama watatu ofisini kwa mkuu wa maabara, mama wa makamo aliyeitwa Shangazi kwa ukali wake. Chapu aliweka simu mezani, akaipeleka video moja kwa moja hadi mahali alipopataka.

"Huyo hapo."

Kwenye kioo Kobe alikuwa ameinamia mashine. Akatazama nyuma yake kama mwizi wa kuku, akaushika mrija, akaanza kuugonga kwa kidole.

"Ni wewe?" Shangazi aliuliza.

"Ni mimi."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Kobe aliangalia viatu vyake. "Nilikuwa napita tu, Shangazi."

"Unapita mpaka ndani ya mrija!" Chapu alidakia. Mguu wake ulikuwa unapigapiga sakafu. "Shangazi, mtu wa kuchezea damu za wagonjwa hafai kukaa hapa hata saa moja. Anayetia hewa aondoke leo hii."

"Dada," Kobe alisema kwa sauti ya chini, "yaache haya."

"Siyaachi!"

"Anayetia hewa aondoke leo hii," Shangazi alirudia taratibu. "Umesema wewe."

"Nimesema mimi."

Shangazi akavaa miwani, akaivuta simu karibu. "Hebu turudi nyuma kidogo."

"Nyuma hakuna kitu, Shangazi. Ni mimi tu naingia."

Shangazi alirudisha nyuma.

Kwenye kioo, msichana alipanda ngazi akiruka mbilimbili, chupa ikitikisika kwapani kama maziwa yanayotafutiwa siagi. Aliifungua, akaichomeka mrija, macho yake yakiwa tayari mlangoni, huku povu jeupe likifurika shingoni mwa chupa na kuteremka ubavuni. Akatoka mbio, nyuma yake viputo vikianza kujipanga mrijani. Mlango haujatulia bado, Kobe akaingia. Alichomoa mrija, akaifuta chupa, akavuta kiti, akaketi kungoja povu lilale. Lilipolala, akaurudisha mrija, akatazama nyuma yake, akaanza kuugonga kwa kidole, kiputo kimoja baada ya kingine, mpaka kikatoka cha mwisho.