Pongezi za Kila Mwezi

Meneja wa duka la nguo za watoto alimwambia Zawena, mfanyakazi wake, asianze upya kutunga ujumbe wa simu kwa wateja. "Ule mpangilio wa ujumbe upo kwenye kompyuta, dada. Unakili tu, tuutumie kwenye tawi jipya."

Zawena akaufungua. Aliutunga mwenyewe alipokuwa mjamzito: kila mwezi kompyuta ilimtumia kila mama mteja ujumbe wa kumpongeza kwa mtoto kukaa, kutambaa, kusimama. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya wanaotumiwa. Mwanawe alifariki akiwa na siku tisa, lakini ujumbe uliendelea kumkuza.

Akaongeza mstari mmoja: "Kama mtoto hayupo tena, pole sana mama. Tujibu HAYUPO, tutaacha kukuandikia."

Akajitumia mwenyewe kuujaribu. Simu ikatetema. Akaandika herufi nne za HAYUPO, kisha kidole kikasita juu ya kioo.