Mbegu za Boga

Kila Jumapili ya msimu wa mavuno, Bi Mwanahamisi hupika boga la nazi. Kabla ya kulikata vipande huchagua mbegu zilizojaa, akaziosha na kuzianika kwenye ungo, ziwe za kupanda mwakani shambani kwake bondeni.

Jumapili hii alikuja mwanawe, Shomari. Boga lilikuwa limeshapasuliwa alipokohoa kidogo.

"Mama, shamba la bondeni nimeshaliuza. Umechoka, pumzika sasa."

"Umeliuza lini?"

"Mwezi uliopita. Sikutaka kukusumbua."

Bi Mwanahamisi aliligeukia boga. Alizikomba mbegu zote, zilizojaa na mapepe, akazitia chumvi, akazikaanga mpaka zikaanza kurukaruka kikaangoni. Akamwekea mwanawe kwenye sahani, kabla hata boga halijaiva.

Shomari alitafuna kwa raha. "Tamu kweli, Mama! Mbona miaka yote hukuwahi kutukaangia?"

"Zilikuwa na kazi nyingine."

Walipomaliza kula, aliuosha ungo, akaupeleka uani na kuuanika mtupu, palepale pa siku zote. Kuku wakaja mbio kuuvamia. Safari hii hakuwafukuza.