Moja Kushoto, Nyingine Kulia

Gundula alipoingia maabara, mumewe Lorenz alitoka kwa mlango wa kushoto, na Mirjam, mfanyakazi mwenzao, akatoka kwa mlango wa kulia. Vikombe vyao vya kahawa vilibaki mezani vikifuka mvuke.

Haikuwa mara ya kwanza. Juzi kantini ilikuwa vivyo hivyo, hata kwenye sherehe ya Krismasi. Wivu ukampanda.

Mtu mwingine angesema hawa wawili hawapatani. Gundula hadanganyiki kirahisi hivyo. Kazi yake pale Vienna ilikuwa kulipoza wingu la atomu kupita baridi yoyote ya duniani, kisha kulitikisa. Likitikiswa, atomu huchomoka mbili mbili, moja kushoto, pacha wake kulia, kwa mwendo uleule. Zikiachana hivyo kila mara, ujue zilikuwa pamoja.

"Wanalala pamoja," alimwambia dada yake Traudi kwenye simu.

"Kwa sababu hawakai pamoja? Mdogo wangu, umesoma mpaka umepitiliza."

"Nikiwafumania, Lorenz atahama nyumbani siku hiyohiyo."

"Maskini Lorenz! Umemwuliza lakini?"

"Namwuliza kila siku, asubuhi na jioni."

"Na Mirjam?"

"Huyo namwuliza mchana."

Basi akawatangazia wenzake wa maabara kwamba anakwenda Graz kwenye semina. Hakwenda. Alijibanza kwenye mkahawa wa ng'ambo ya barabara, akaagiza kahawa asiyoinywa, akafungua kwenye simu kamera inayolinda mitambo ya maabara.

Aliwaona. Lorenz na Mirjam walikuwa mezani na wenzao wote, wakikata keki ya tufaha. Lorenz alikuwa akicheka kicheko ambacho nyumbani hakijasikika mwaka mzima, na hilo lilimchoma Gundula kuliko kitu chochote. Alikodoa macho akingoja mkono uguse mkono. Haukugusa.

Uvumilivu ukamwishia. Akampigia mumewe.

"Semina imeahirishwa, mpenzi. Nipo hapa chini, napanda ngazi."

Lorenz alishusha simu, akasema neno moja. Papo hapo akatoka kwa mlango wa kushoto, na Mirjam akatoka kwa mlango wa kulia.

"Nimewapata!" Gundula alipiga meza.

Kisha wanafunzi wote wakanyakua makoti, wengine kushoto, wengine kulia, na profesa mzee akajikongoja nyuma yao, keki ikiwa bado mdomoni.