Mkono Ulipofunguliwa

Kitandani katika wodi ya wagonjwa wa akili, fundi seremala aliyasikia yote.

"Bado mkaidi," daktari alisema kutoka mlangoni. "Sindano mbili za kumtuliza tangu jana, na bado anakaza mwili, hataki hata kujibu. Sista, mwongeze ya tatu."

Hataki! Laiti ulimi ungemtii, angewapasha. Taya zake zilikuwa zimebanwa kama ubao kwenye jiliwa. Jasho lilikuwa limelowesha godoro, nao wakasema ni joto la mchana. Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Muuguzi alikuja na sindano. "Samahani, kaka yangu," alimwambia, akafungua kamba iliyoushikilia mkono wake kwenye chuma cha kitanda, juu ya kichwa.

Kamba ilianguka. Mkono haukuanguka.

Ulibaki pale pale hewani, vidole vimejikunja, kana kwamba bado umefungwa. Muuguzi alishika kiwiko, akavuta taratibu. Kilikwenda kidogo, kikakwama, kikaenda tena kidogo, kama droo iliyopinda. Droo ya namna hiyo fundi asingethubutu kumkabidhi mteja.

Kisha muuguzi akaweka kiganja kwenye paji lake, akakiondoa upesi kama aliyegusa sufuria jikoni.

"Daktari, huyu anaungua! Na kamba nimeshafungua. Kilichobaki kumfunga ni dawa yetu."

"Mchome, Sista. Foleni ni ndefu."

Fundi alisubiri ncha ya sindano. Haikuja. Alisikia kifuniko chake kikirudishwa, tak.

"Simchomi," muuguzi alisema. "Njoo umguse kwanza."