Laptop ya Digidigi Nyembamba Kuliko Chapati

Msinibishie, nimeona kwa macho yangu haya, nimekaa mbele kabisa. Ilikuwa fainali ya gemu ya mpira ya kwenye kompyuta, mshindi anapewa gunia la mihogo. Digidigi aliitaka mno hiyo mihogo, maana mama yake nyumbani hakuwa na hata kiazi.

Alifika mapema na laptop yake nyembamba kuliko chapati. Kobe, mpinzani wake, alichelewa kwa saa sita, kabeba laptop kama tofali, jasho linajaza ndoo nne.

"Mzee, hiyo laptop au jokofu?" Digidigi akamcheka.

"Nzito, mwanangu, lakini inapumua."

Digidigi akatandika kitambaa cha kudarizi cha mama yake, akaweka laptop juu isishike vumbi. Dakika ya kumi feni ya laptop ikalia kama ndege inapaa, joto likachemsha chai ya mtaa mzima, wachezaji wake kwenye skrini wakakimbia kama wamo kwenye matope. Akafungwa mawili.

Kobe akasimamisha gemu. "Toa kitambaa, mwanangu. Umeiziba pua." Akaiinua laptop kwa vijiwe viwili, ikapoa. Digidigi akashinda tatu kwa mbili.

"Asante, mzee," akasema.

Basi, hapo pa asante nimetunga. Alilibeba tu lile tofali la laptop mpaka nyumbani kwa Kobe, akipumzika kila hatua.